Maisha ya Rais Roosevelt na Kura za Wakati wa Dhiki



Kila aliyepita kidato cha nne katika shule yetu anaukumbuka Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioanza mwaka 1929. Tuliukariri kwa vipengele: sababu zake, matokeo yake Ulaya na Marekani, na matokeo yake katika makoloni. Tulijua kwamba bei ya mkonge na kahawa ilianguka, kwamba vibarua wa mashamba ya Tanga walipunguzwa, na kwamba serikali ya kikoloni iliwahimiza wakulima walime zaidi ili kufidia bei iliyoshuka. Jina la Franklin Delano Roosevelt lilikuja mwishoni, katika mistari miwili au mitatu, kama mtu aliyeleta mpango wa kuuondoa mdororo huo kwao Marekani. Tukaliandika, tukapata maksi zetu, tukaendelea na Vita Kuu ya Pili.

Lipo swali ambalo halikuulizwa katika mtihani wowote niliopata kuufanya. Mwaka 1932 Rais wa Marekani aliyekuwa madarakani alishindwa vibaya kwa sababu ya dhiki ya wananchi, na jambo hilo halina ajabu. Lakini mwaka 1936 dhiki ilikuwa bado ipo. Watu wapatao milioni 9 hawakuwa na kazi, yaani takriban mmoja katika kila wafanyakazi sita. Hata hivyo Rais aliyekuwa madarakani, ambaye sasa ndiye Roosevelt, alipata ushindi ambao nchi hiyo ilikuwa haijauona kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa nini watu wenye njaa wamwangushe mmoja na kumbeba mwingine, na hali njaa haijaisha? Mimi ni mtumishi wa Serikali, si mwanahistoria, na jibu langu lina harufu ya masijala. Lakini naamini lina ukweli, na nitalieleza kwa kupitia maisha ya mtu mwenyewe.

Roosevelt hakuwa mtoto wa kabwela. Alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 huko Hyde Park, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, katika nyumba ya watu wenye ardhi na fedha ya siku nyingi. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, Sara, na mama huyo alimlea kama yai. Hadi alipofikia umri wa miaka 14 alisomeshwa nyumbani na walimu wa kuajiriwa. Mwaka 1896 alipelekwa shule ya bweni ya Groton, katika jimbo la Massachusetts, akaingia darasa ambalo wenzake walikuwa wamekwisha kukaa pamoja miaka miwili. Wale miongoni mwetu waliohamia shuleni kwetu katika kidato cha tatu wanajua ni nini kuingia bweni ambalo kila mtu amekwisha kupata rafiki wake. Hakung'ara katika michezo wala hakuwa kinara wa darasa. Lakini mkuu wa shule, Endicott Peabody, alikuwa na jambo moja alilowakazania wana wale wa matajiri: kwamba aliyepewa vingi ana wajibu wa kuitumikia nchi. Peabody ndiye aliyefungisha ndoa ya Roosevelt mwaka 1905, na mwanafunzi wake huyo aliendelea kumheshimu hata alipokuwa Rais.

Kutoka Groton alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, ambako alikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi, kisha akasoma sheria. Mke aliyemwoa, Eleanor, alikuwa wa ukoo wake wa mbali, mpwa wa Theodore Roosevelt aliyekuwa Rais wakati huo. Mwaka 1910 alichaguliwa kuwa seneta katika bunge la jimbo la New York, na kuanzia 1913 hadi 1920 alikuwa msaidizi wa Waziri wa Jeshi la Majini. Mwaka 1920 chama chake cha Democratic kilimsimamisha kuwa mgombea wa kiti cha Makamu wa Rais, wakashindwa. Mpaka hapo alikuwa kijana mtanashati mwenye jina kubwa na bahati nzuri, basi.

Agosti 1921, akiwa mapumzikoni katika kisiwa cha Campobello, Kanada, alishikwa na ugonjwa wa kupooza. Alikuwa na umri wa miaka 39. Hakutembea tena kwa miguu yake mwenyewe maisha yake yote. Alivaa vyuma miguuni, akajifunza kusimama kwa kushika mkono wa mwanawe na fimbo, na kwa kutupa kiuno akaweza kusogea hatua chache mbele ya watu. Waandishi wengi wamesema ugonjwa huo ndio uliomfundisha kuwahurumia maskini. Sina hakika kwamba maradhi humfundisha kila mtu huruma. Nimewaona yaliowafundisha ukali. Ninachokiona mimi ni kwamba ugonjwa ulimpeleka mahali ambapo mtu wa tabaka lake asingefika. Kuanzia 1924 alikuwa akienda Warm Springs, Georgia, kuogelea katika maji ya moto, na huko akawa jirani wa wakulima wadogo wa kusini. Aligundua kwamba bei ya umeme anayolipa katika kijumba chake cha Georgia ilikuwa mara nne ya ile ya Hyde Park, na kwamba majirani zake wengi hawana umeme kabisa. Jambo hilo hakulisahau.

Mwaka 1928 alichaguliwa kuwa Gavana wa New York kwa kura chache mno, kama 25,000 tu katika kura zaidi ya milioni 4. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, soko la hisa la New York likaporomoka. Viwanda vikafungwa, mabenki yakaanza kufilisika moja baada ya jingine, na akiba za watu zikapotea pamoja nayo. Mwaka 1931 New York chini ya Roosevelt ikawa jimbo la kwanza kuunda idara ya kuwasaidia wasio na kazi kwa fedha za jimbo lenyewe. Idara hiyo baadaye iliongozwa na mtu mwembamba mwenye afya dhaifu na haraka nyingi, aliyeitwa Harry Hopkins. Mkumbuke jina hilo.

Sasa nimtendee haki Herbert Hoover, Rais wa wakati huo, maana vitabu vingi vya shule humwonea. Hoover hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Alikuwa injinia wa migodi, tena hodari, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alisimamia kazi ya kuwalisha watu wa Ubelgiji waliokuwa wakifa njaa. Mwaka 1928 alichaguliwa kwa kishindo. Tatizo lake lilikuwa imani. Aliamini kwamba kumsaidia raia mwenye njaa ni kazi ya jirani, kanisa, mji na jimbo, na kwamba Serikali Kuu ikianza kugawa fedha kwa mtu mmoja mmoja, tabia ya taifa itaharibika. Mwaka 1932 alikubali kuunda shirika la Serikali la kukopesha mabenki na makampuni ya reli, kwa hoja kwamba yakisimama haya, kazi zitarudi. Kiuchumi hoja hiyo si ya kijinga. Lakini mtu aliyefukuzwa kazi Detroit aliona jambo moja tu, kwamba ipo fedha ya kumwokoa mwenye benki na haipo ya kumwokoa yeye. Vijiji vya mabati na maboksi vilivyoota pembeni mwa miji vikapewa jina la Rais mwenyewe.

Katika kiangazi cha mwaka huo askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza wapatao 20,000, wengine na wake na watoto, walikwenda Washington kudai kiinua mgongo walichoahidiwa kwa sheria ya mwaka 1924, ambacho kilikuwa kilipwe mwaka 1945. Walitaka walipwe mapema kwa sababu walikuwa na njaa. Seneti ikakataa. Tarehe 28 Julai 1932 jeshi likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur liliwatimua kwa farasi, vifaru na moshi wa kutoa machozi, na vibanda vyao vikateketezwa kwa moto. Picha zilienea nchi nzima.

Novemba ilipofika Roosevelt alipata kura milioni 22.8 na Hoover milioni 15.8. Kwa wadogo zetu nieleze kwamba Rais wa Marekani hapatikani kwa jumla ya kura tu. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, na kwa kawaida anayeshinda jimbo huwachukua wote. Kwa hesabu hiyo Roosevelt alipata wajumbe 472 na Hoover 59. Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba watu walipigia kura mpango fulani. Katika kampeni hiyo Roosevelt aliahidi mengi yaliyopingana, likiwamo la kupunguza matumizi ya Serikali. Kura za 1932 zilikuwa za kumwondoa Hoover, na mgombea yeyote wa Democratic mwenye akili timamu angezipata.

Kwa sheria ya wakati ule Rais mpya alikuwa haapishwi mpaka tarehe 4 Machi, na katika miezi hiyo minne ya kungoja mambo yaliharibika zaidi. Februari 1933 mtu mmoja alimfyatulia Roosevelt risasi mjini Miami. Zikamkosa na kumpata Meya wa Chicago, Anton Cermak, aliyekufa baadaye kwa jeraha hilo. Watu walikuwa wakipanga foleni kutoa fedha zao benki, na jimbo baada ya jimbo likafunga mabenki yake. Siku Roosevelt alipokula kiapo, mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi.

Hapa ndipo mimi kama mtumishi wa Serikali huanza kusoma kwa makini. Alifunga mabenki yote ya nchi kwa amri, akitumia kifungu cha sheria ya wakati wa vita ya mwaka 1917. Aliyekuwa ameandaa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni nani? Ni maofisa wa Hazina wa Hoover, ambao walikuwa na rasimu mezani na hawakupata bwana wa kuitia sahihi. Waliombwa wabaki, wakabaki, wakafanya kazi usiku na mchana bega kwa bega na wageni wa chama kingine. Tarehe 9 Machi Bunge lilipitisha sheria ya mabenki kwa siku moja. Jumapili tarehe 12 Machi Roosevelt alizungumza na wananchi kwa redio kutoka Ikulu, akawaeleza kwa maneno mepesi benki hufanya nini na fedha ya mtu, kwa nini zimefungwa, na zitafunguliwa kwa utaratibu gani. Kesho yake zile zilizokaguliwa na kuonekana nzima zikaanza kufunguliwa. Watu wakapanga foleni tena, safari hii kurudisha fedha walizokuwa wameficha chini ya magodoro.

Mwezi wa Mei askari wa zamani walirudi Washington na madai yale yale. Roosevelt hakuwalipa. Alikuwa akipinga malipo hayo kama Hoover alivyoyapinga, na baadaye aliyakataa kwa kura ya turufu zaidi ya mara moja. Lakini aliwatengea kambi, akaamuru wapewe milo mitatu na kahawa, akaagiza madaktari. Mkewe Eleanor alikwenda mwenyewe, akatembea katika matope ya kambi, akakaa nao na kuimba nao. Kisha wakapewa nafasi ya kuandikishwa katika kazi za misitu, na wengi wakaikubali. Ombi ni lile lile na jibu ni lile lile la hapana, lakini wa kwanza alituma farasi na wa pili alimtuma mke wake. Nikiulizwa nitaje tofauti ya mabwana hawa wawili kwa kisa kimoja, nitakitaja hiki.

Kazi hizo za misitu zilikuwa za vijana. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo dola 25 hivi zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Fikirieni mama wa Kentucky anayepokea hundi ya Serikali kila mwezi ikiwa na jasho la mwanawe. Kambi ya kwanza ilifunguliwa Virginia mwezi wa Aprili 1933, na katika muda wa miezi mitatu vijana zaidi ya 250,000 walikuwa kambini, jeshi likiwasafirisha, idara ya misitu ikiwapangia kazi, na idara ya kazi ikiwachagua.

Halafu Hopkins. Novemba 1933, majira ya baridi yakikaribia, alipewa kazi ya kuwaajiri watu milioni 4 wa kutengeneza barabara, shule na mifereji. Katikati ya Januari 1934 walikuwa wameajiriwa, tena kupita idadi hiyo. Hakuanzisha ofisi mpya ya malipo. Alitumia ile ya masuala ya askari wa zamani, kwa kuwa tayari ilikuwa na mtandao wa kulipa watu nchi nzima. Kazi nyingine zilikuwa za hovyo na wapinzani walizicheka: watu wanakusanya majani, walisema. Ni kweli, majani yalikusanywa. Lakini mimi ambaye nimeona jalada la jambo dogo likizunguka miezi sita kutafuta saini tatu, siwezi kuitaja miezi ile miwili bila kuvua kofia.

Mengine niyapitie haraka. Nyumba zipatazo milioni moja ziliokolewa zisipigwe mnada, kwa Serikali kununua madeni yake na kuyarefusha. Akiba za benki ziliwekewa bima. Bonde la mto Tennessee lilijengewa mabwawa ya umeme, na mwaka 1935 ulianzishwa utaratibu wa kupeleka nyaya mashambani, ambako ni shamba moja tu katika kila kumi lililokuwa na umeme. Wafanyakazi walipata sheria ya kulinda vyama vyao. Mwezi wa Agosti 1935 ikatiwa sahihi sheria ya bima ya uzee na ya ukosefu wa kazi.

Yalikuwapo pia mambo yaliyowachukiza watu. Mwaka 1933, ili bei za mazao zipande, Serikali iliwalipa wakulima wang'oe pamba iliyokwisha kuota, na watoto wa nguruwe wapatao milioni 6 walichinjwa, na hali kuna watu wana njaa mijini. Mpango mkubwa wa viwanda ulivurugika kabla Mahakama ya Juu kabisa haijaubatilisha mwaka 1935. Nchi haikupona. Kazi mpya zilipatikana, lakini polepole kuliko matumaini.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ulipofika uchaguzi wa 1936. Mpinzani wake alikuwa Gavana wa Kansas, Alfred Landon, mtu mpole na mkweli. Magazeti mengi makubwa yalikuwa upande wa Landon, na matajiri walimchukia Roosevelt kama mtu aliyelisaliti tabaka lake. Jarida moja mashuhuri, Literary Digest, lilipeleka karatasi za maoni kwa watu milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atashinda. Jarida hilo lilikuwa limechukua majina hasa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Katika nchi yenye dhiki, anayejaza karatasi kutoka kitabu cha simu si yule anayengoja hundi ya msituni. Novemba 3 Roosevelt alipata kura milioni 27.7 dhidi ya milioni 16.7. Landon alishinda majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Wajumbe walikuwa 523 kwa 8. Jarida lile lilikufa muda si mrefu baadaye.

Basi kwa nini? Kwanza, mwananchi hakulinganisha hali yake na shibe ya 1928. Aliilinganisha na asubuhi ile ya Machi 1933 benki zikiwa zimefungwa. Wasio na kazi walikuwa wamepungua kutoka karibu milioni 13 hadi milioni 9, na uchumi ulikuwa ukikua kwa kasi kubwa ingawa ulikuwa ukipanda kutoka shimoni. Watu husamehe mwendo mdogo kama ni wa mbele. Ushahidi wa hili ni wa kinyume: mwaka 1937 Roosevelt alipunguza matumizi, akidhani ugonjwa umepona, uchumi ukaanguka tena, na katika uchaguzi wa Bunge wa 1938 chama chake kilipoteza viti zaidi ya 70. Wapiga kura wale wale, Rais yule yule. Safari hii mwendo ulikuwa wa nyuma.

Pili, na kwangu hili ndilo kubwa, Serikali ilikuwa imefika mlangoni kwa sura ambayo mtu anaweza kuishika mkononi: hundi, koleo, waya wa umeme, barua iliyojibiwa. Barua alizopelekewa Rais zilikuwa nyingi kiasi kwamba kazi iliyofanywa na karani mmoja wakati wa Hoover ikahitaji makarani wengi. Bahati nayo haikukosa. Kile kiinua mgongo cha askari wa zamani Bunge lilikipitisha Januari 1936 likiipuuza kura ya turufu ya Rais, kikaanza kulipwa mwezi wa Juni, miezi mitano kabla ya uchaguzi. Alivuna shamba alilokataza lisilimwe.

Wapo wanaosema kwamba huko ni kununua kura kwa fedha za umma. Shutuma hii haiwezi kupuuzwa. Katika miradi ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1935 walikuwapo wakubwa wa chama katika miji waliowaambia watu kwamba kazi ni ya anayepiga kura vizuri, na mambo yalizidi mpaka mwaka 1939 Bunge likapitisha sheria ya kuwakataza watumishi wa Serikali Kuu kufanya kampeni. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki, na ilichelewa. Lakini mtu aliyelipwa kwa kujenga daraja ambalo bado lina magari juu yake hakuhongwa, ameajiriwa. Mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba, na wanaofanya kazi katika ofisi za Serikali ndio wa kwanza kuona unapovukwa. Tena kumbukeni kwamba wapinzani nao walitumia bahasha: katika wiki za mwisho za kampeni baadhi ya waajiri waliwawekea wafanyakazi karatasi ndani ya bahasha za mishahara, kuwatisha juu ya makato ya bima ya uzee yatakayoanza Januari 1937. Na pensheni yenyewe ya kila mwezi ilikuwa haijalipwa kwa mtu hata mmoja. Ya kwanza ililipwa mwaka 1940.

Wamarekani weusi ndio kisa kigumu kuliko vyote katika maisha haya. Tangu enzi za Abraham Lincoln aliyekomesha utumwa, wale walioruhusiwa kupiga kura walikuwa watu wa chama cha Republican, na hata mwaka 1932 wengi wao walibaki na Hoover. Mwaka 1936 wakahamia kwa Roosevelt kwa wingi mno, wala hawajarudi. Lakini walipata nini? Walipata kazi katika miradi ya Hopkins, wakaona Eleanor akikaa nao meza moja, wakamwona Mary McLeod Bethune, mwalimu mweusi aliyezaliwa katika familia ya waliokuwa watumwa, akipewa cheo katika idara ya vijana. Hata hivyo kambi za misitu ziliwatenga wao na weupe. Roosevelt hakutia nguvu zake katika mswada wa kukomesha mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi, kwa kuwaogopa maseneta wa kusini ambao kura zao alizihitaji. Na ile sheria ya bima ya uzee ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa majumbani, kazi ambazo zaidi ya nusu ya wafanyakazi weusi walikuwa wakizifanya. Walimpigia kura mtu ambaye sheria yake iliwaruka. Sidhani kwamba hawakujua. Walijua, wakapima kidogo walichopata na sifuri waliyoizoea, wakachagua.

Aliyobaki mnayafahamu. Alichaguliwa tena mwaka 1940 na 1944, jambo ambalo hakuna Rais mwingine wa huko aliyepata kulifanya, na ambalo katiba yao imelikataza tangu 1951. Kazi zilirudi kikamilifu kwa sababu ya viwanda vya silaha. Januari 1943, akiwa safarini kwenda Casablanca, alipita Bathurst, Gambia, mji ambao siku hizi ni Banjul, akawaona vibarua waliovaa matambara wakienda kazini alfajiri. Umaskini ule ulimkera, na aliutaja mara nyingi baadaye alipokuwa akiusema vibaya ukoloni. Alikufa Warm Springs tarehe 12 Aprili 1945 akiwa na umri wa miaka 63. Vibarua wa mashamba na watumishi wa majumbani wenye kazi ya kudumu waliingizwa katika bima ya uzee kwa sheria ya mwaka 1950.